Ninga Aliyeoshwa

Haya niliyapata kwa mama mdogo wake Manyoya, Jumanne iliyopita, tukiwa kwenye benchi la kliniki ya macho. Namba yake ilikuwa arobaini na moja, yangu arobaini na mbili, na daktari alikuwa bado yuko kwenye kumi na tatu. Nafasi ya kusimulia ilikuwepo, na ya kusikiliza pia. Tena yeye hakuhadithiwa na mtu. Siku hiyo alikuwa chumbani humo humo, birika la chai mkononi.

Huyo Manyoya ni binti wa duka la picha za kale. Duka liko chini, nyumba iko juu, ngazi katikati. Baba yake anatengeneza fremu. Mama yake alikuwa akitia rangi. Picha zenyewe ni za ndege. Watu wa zamani sana walichonga ndege kwenye bamba la shaba, unyoya kwa unyoya, wakapiga chapa kwa wino mweusi wakatengeneza vitabu vikubwa. Nyingine zilitiwa rangi wakati ule ule, moja moja, kwa mkono. Nyingine zilibaki nyeusi na nyeupe mpaka leo, na hizo ndizo Mama alizozivisha rangi. Wala hakumdanganya mtu. Kila picha aliyoitia rangi kwa ajili ya duka, aliandika mgongoni kwa penseli kwamba rangi ni mpya, akaweka mwaka na alama yake.

Miaka mitatu iliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kwanza kidogo, akasema ni baridi. Kisha hata kikombe akawa anashika kwa mikono miwili. Alipoona mkono unamtoroka, alichagua karatasi moja tu, akaifanyia kazi miezi minne, asubuhi asubuhi kabla mkono haujachoka. Ilikuwa picha ya ninga, yule njiwa wa kijani, amekaa kwenye tawi, shingo ameigeuza kama aliyeitwa. Alipomaliza jicho aliosha brashi, akamwachia binti yake meza, na hakushika rangi tena. Ninga akatundikwa sebuleni, mkabala na mlango. Na humo ndani ikawa kama sheria: mkono wa Mama hautajwi.

Gundi naye ni kijana wa karakana ya ng'ambo ya barabara. Kazi yake ni kutibu karatasi za kale: kuziba zilipochanika, kuosha madoa, kunyoosha mikunjo. Vidole vyake havikosi gundi ya wanga, ndiko jina lilikotoka. Na ana tabia moja ya kazi. Ukimpa karatasi haangalii uso kwanza. Anaigeuza, anaangalia mgongo. Alipokuwa akija dukani aliangalia mgongo wa picha, kisha uso wa picha, kisha Manyoya. Manyoya alikuwa wa tatu, lakini ndiye aliyeangaliwa muda mrefu.

Mambo hayo yalikwenda miaka miwili. Baba alijua akanyamaza. Mama alijua akasema.

“Mtu anayefua karatasi kama soksi,” alisema, “ataniambia nini?”

“Mama, anazitibu.”

“Hata dobi atakwambia anatibu mashati.”

Lakini maji hufuata mkondo. Siku moja msumari ukalegea, fremu ya ninga ikaanguka, kioo kikachana kona ya karatasi. Mama akaitazama kona ile muda mrefu. Kisha, bila kuombwa na mtu, akamwita Gundi mwenyewe, akamkabidhi picha.

“Kona,” akamwambia. “Kona tu.”

Nyumba nzima ikaelewa. Mama mdogo aliniambia alimkonyeza Manyoya pale pale, kwa sababu aliyepewa ninga amepewa binti pia. Gundi akaondoka na picha kifuani kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Wiki tatu baadaye, Jumamosi saa nne asubuhi, akaja na wazee wake kuzungumza.

Walikuja watatu. Gundi mwenyewe, shati limepigwa pasi mpaka linakatakata. Shangazi yake, mama wa mwili mkubwa na sauti ya kukagua. Na mjomba wake, mzee mwembamba ambaye tangu aseme “hodi” hakusema lingine. Wakakaribishwa, wakasalimiana, Manyoya akawapa wazee shikamoo mmoja mmoja macho chini, lakini alipofika kwa Gundi macho yakapanda yenyewe. Gundi alikuwa ameshika furushi bapa, limefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo.

“Mama,” akasema, “nimeirudisha. Na kuna kitu nimeongeza. Sikukwambia, nilitaka kiwe zawadi.”

“Umeongeza nini? Mimi nilisema kona.”

“Fungua tu, mama.”

Mama akaificha mikono chini ya mtandio. Manyoya akafungua yeye.

Kona ilikuwa imezibwa vizuri ajabu, hata ukiinamia huoni mahali. Karatasi ilikuwa nyeupe, safi. Na ninga alikuwa pale kwenye tawi lake, shingo ameigeuza, mweusi na mweupe kama siku aliyotoka kwenye mtambo wa chapa. Hakuna kijani. Hakuna zambarau ya begani. Mguuni tu palibaki manjano kidogo, kama mtu aliyekimbia moto na kiatu kimoja.

Baba akasogea, akatoa miwani, akairudisha.

“Hii siyo yetu,” akasema. “Kijana, umeleta ya mtu mwingine.”

Gundi akacheka. Alicheka peke yake chumba kizima.

“Ndiyo yenyewe, Baba. Nimeisafisha. Sikilizeni niwaambie. Kijani cha kale kinakula karatasi. Ukigeuza, mgongoni unakuta kivuli cha kahawia, kama chai iliyomwagika. Hii niliigeuza, mgongo mweupe kama maziwa! Nikajua rangi ni ya juzi. Nikatafuta alama ya penseli ya Mama, hakuna. Nikajua basi si kazi ya nyumba hii. Kuna mtu aliwauzia kitu kilichopakwapakwa akasema ni cha kale. Nikasema, wakwe zangu hawatakaa na uongo ukutani. Nikaiosha. Maji matatu, na sponji laini, mpaka yote ikatoka.”

Mama mdogo anasema hapo chai ilijaa kikombe cha mjomba, ikajaa kisahani, ikaanza kutafuta suruali. Mjomba akasogeza goti tu.

Mama aliuliza polepole, “Hiyo rangi ilikuwa mbaya?”

“Hapana, mama! Ilikuwa nzuri mno. Manyoya ya shingoni yalikuwa na kijani tatu, moja juu ya nyingine, huoni zinapokutana. Ndiyo maana niliona huyo ni tapeli wa hali ya juu.”

“Tapeli huyo,” akasema Mama, “ni mimi.”

Tabasamu la Gundi halikutoka mara moja. Lilibaki usoni halijui liende wapi.

“Lakini… alama haipo.”

“Alama naiweka kwenye kitu cha kuuza. Nani anaandika jina lake mgongoni mwa mtoto wake?”

Hapo Mama akatoa mikono chini ya mtandio, akainyanyua mbele ya wageni. Yote miwili, maana wa kushoto nao ulishaanza, ikatetemeka hadharani, na hakuna aliyewahi kumwona akifanya hivyo. “Ile ilikuwa ya mwisho. Unaelewa neno mwisho? Hukuosha karatasi wewe. Umeniosha mimi.”

Kama Gundi angenyamaza, au angepiga magoti, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini shangazi yake alishafungua mdomo.

“Ngoja kwanza,” akasema. “Kijana wa watu analaumiwa kwa lipi? Amepewa kitu hakina maelezo. Wakubwa wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na mficha rangi, maji humuumbua.”

“Na mgeni mwenye mdomo,” akajibu Mama, “chai humuunguza. Mdogo wangu, mmiminie.”

“Sinywi!”

“Afadhali, tutabaki nayo.”

“Tumekuja kuposa hapa au tumekuja kuhukumiwa? Nyumba nzima kazi yao kupaka vitu vya kale vionekane vipya!”

“Kijana wako je? Anavisugua vipya vionekane vya kale.”

“Jamani, jamani,” akasema Baba, mikono hewani, na hakuna aliyemsikia, kama kawaida yake.

Sasa Gundi akasema neno lake, na lilikuwa baya kuliko yote kwa sababu alilisema kwa upole. “Mama, nisamehe sana. Nimekosa kwa kutouliza. Lakini kwa kazi yangu mimi, rangi ile haikuwa ya asili. Hata leo wangenipa, ningesema hivyo hivyo.”

Manyoya alikuwa bado ameshika picha. Akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akamshika Gundi mkono wa shati, pale palipopigwa pasi, akamburuta mlangoni wakashuka ngazi. Mlango wa juu ukabaki wazi. Mama mdogo akasogea na birika lake karibu na ngazi, maana chai nayo lazima imiminwe mahali.

Chini dukani ndege walikuwa kila upande, kwenye kuta, kwenye masanduku, tausi, korongo, kasuku, wote wamegeuza jicho moja.

“Hata leo ungesema hivyo hivyo?” Manyoya akaanza. “Mbele ya mama yangu? Mikono yake umeiona au uliangalia mgongo wake?”

“Nimeiona.”

“Umeiona leo! Miaka miwili unaingia humu. Umewahi kumwona ameshika brashi?”

“Nilidhani amezeeka. Nilidhani amekuachia wewe meza.”

“Ulidhani! Kila mtu unamdhania, karatasi peke yake ndiyo unaiuliza. Ulishindwa nini kuvuka barabara? Hatua ishirini. Ungesema, jamani, hii rangi mbona mpya? Sentensi moja!”

“Nilitaka kumfurahisha.”

“Umefanikiwa. Umesikia anavyofurahi huko juu.”

Juu shangazi alikuwa anatafuta viatu vyake na kuvilaumu.

“Sikuiosha kwa ubaya,” akasema Gundi.

“Bora ungekuwa ubaya. Ubaya una haya, unafanywa kwa kujificha. Wewe umeifunga kwenye kitambaa cheupe ukaja unacheka.”

Gundi akafuta uso kwa kiganja. “Na wewe je? Siku ile ninaichukua, ulikuwa umesimama pale, kwenye mlango. Ulinitazama natoka nayo. Miaka miwili unaniambia kila kitu, mpaka meno yako ya utotoni. Hili hukuniambia. Kwa nini?”

Manyoya akainyoosha fremu ya kasuku iliyokaa upande.

“Humu ndani hatuutaji mkono wa Mama,” akasema mwisho.

“Hata kwangu?”

“Hata sisi kwa sisi. Na mimi… nilidhani utaujua. Nilidhani ukiona yale manyoya utasema, huu ni mkono wa Mama. Mkono wangu si unaujua? Hata nikitia rangi ukucha wa ndege, unaujua.”

“Wako naujua kwa sababu ni wako.”

Alilisema hilo bila kujaribu kupendeza, kama mtu anayetoa taarifa. Manyoya akamtazama, macho yakakaa hapo muda usiofaa kwa watu wanaogombana. Gundi akanyanyua mkono kidogo.

“Usinitazame hivyo,” Manyoya akasema. “Nimekasirika.”

“Naona.”

“Nimekasirika kweli. Leo nikikufikiria nakufikiria na sponji.”

“Kasirika. Ila niambie, nikirudi pale juu nitarudi kama nani?”

Kabla hajajibu, sauti ya Mama ikashuka ngazi nzima nzima. “Huyo binti apande! Na huyo dobi apande naye, niwamalize wote kwa pumzi moja!”

Wakapanda. Shangazi ameshavaa viatu na mkoba uko begani. Mjomba bado amekaa. Ninga yuko mezani, katikati ya vikombe.

Mama amesimama. “Mwanangu,” akasema, “sitapiga kelele. Mimi huyu mtu simtaki. Nilimpa kitu kimoja mkononi, kitu kimoja, akakimaliza kwa sababu alikuwa na uhakika. Mtu mwenye uhakika namna hiyo anatisha ndani ya nyumba. Kesho ataamka ataona wewe nawe si wa asili, atakutafutia maji. Sasa sema mbele ya watu. Uko na mimi au uko na yeye?”

Gundi alikuwa mlangoni, hakuvuka kizingiti. Vidole vyake vilikuwa vinabandua gundi kwenye kucha, na kila alipobandua aliiweka mfukoni, asichafue nyumba ya watu.

“Mama,” akasema Manyoya. “Ulichopoteza nakijua kuliko wote waliomo humu. Nilikuwa nakuoshea brashi kila asubuhi. Nilikuwa nahesabu siku ambazo mkono ulikubali na siku ambazo ulikataa. Usifikiri umeumia peke yako.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo hasira hii usiichukue yote wewe, nibakizie. Nimemkasirikia. Nitamkasirikia mwezi, labda mwaka. Lakini nataka nimkasirikie akiwa hapa, namwona. Akiwa kwingine nitafanyaje? Nitamkasirikia ukuta?”

Shangazi akashusha mkoba kidogo. “Na hiyo ndiyo kusema ndiyo?” akauliza.

“Nyamaza,” akasema mjomba. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu hodi.

Mama akamgeukia mumewe. “Fremu yake iko wapi?”

“Chini. Kioo kipya nimeshakikata.”

“Lete. Na msumari, na nyundo.”

Baba akaenda mbio. Manyoya akasogelea meza. “Mama, niachie mimi nimtie rangi. Kijani zako zote nazikumbuka. Ukae pembeni uniambie tu…”

“Usimguse! Hakuna mtu wa kumgusa. Mkono wako ni wako, na ule wangu ndio huo umemwagwa kwenye mtaro. Mimi sitaki ninga wa kuigiza.”

Baba akarudi. Ninga akawekwa ndani ya fremu vile vile alivyo, akatundikwa pale pale, mkabala na mlango. Alipokuwa na kijani chake alionekana kama anaitwa na mtu nje ya dirisha. Sasa alionekana kama ameitwa na amekataa. Mama akarudi nyuma akamtazama. Kisha akavuta kiti kimoja, akakiweka mkabala na picha, akakigonga mgongo.

“Dobi. Unakiona hiki kiti?”

“Nakiona, mama.”

“Hiki ndicho chako. Kila ukija kula hapa utakaa hiki, hutabadilisha. Utakula unamtazama. Mchana utamtazama, jioni utamtazama. Ukija na watoto wako watakuuliza, baba, huyu ndege mbona hana rangi na wengine wote wanazo? Mimi nitakuwa hapa, nitanyamaza kimya, nikusikilize unavyojibu.”

Kila mtu alikuwa anarudia maneno hayo kichwani, moja moja, kuona kama amesikia vizuri. Manyoya akafunika mdomo.

Mjomba akakohoa. “Mama,” akasema kwa adabu, “hapo umesema watoto?”

“Nimesema kiti.”

“Sawa sawa, mama. Kiti.” Akachukua kikombe chake, akanywa chai iliyopoa mpaka ya kwenye kisahani, akanyanyuka. Shangazi akataka kuuliza kitu, mjomba akamshika kiwiko akamwongoza kwenye ngazi kama gari lililoharibika breki.

Gundi alikuwa wa mwisho kutoka. Akainama mbele ya Mama, akasema, “Asante, mama.”

“Usinishukuru. Sijakusamehe.”

“Najua.”

“Na ukome kujua. Uliza.”

Gundi akauliza, “Nije lini?”

“Siku ya kazi. Mchana. Na ule kwanza kwenu, mimi sipiki sana.”

Manyoya alimsindikiza mpaka kwenye kona ya ngazi tu, si zaidi. Hawakugusana. Mama mdogo aliona binti ameegemea ukuta, macho yamevimba, na kijana anashuka ngazi kinyumenyume mpaka akagonga kabati la tausi.

Saa nane mchana nyumba ilikuwa imechoka kama nyumba iliyohamisha mizigo. Baba alilala chini dukani, kichwa juu ya meza ya fremu. Mama mdogo alijinyoosha kwenye kochi na birika miguuni, mkabala na mlango wa chumba cha kulala uliokuwa wazi. Mama na binti wakalala kitanda kimoja, migongo imegeukiana, kila mmoja na ukuta wake. Pazia lilikuwa likiingia na kutoka dirishani.

Baada ya muda Mama akauambia ukuta, “Maji yenyewe yalikuwa ya moto?”

“Vuguvugu,” akajibu Manyoya. “Aliyajaribu kwanza na kiwiko. Ameniambia alipokuwa anashuka.”

Mama akafikiri.

“Ya moto yangeua karatasi,” akasema.

Akavuta shuka, na punde akaanza kukoroma. Manyoya akabaki macho, anasikiliza mkono wa mama yake ukigongagonga ubao wa kitanda, polepole, polepole, mpaka usingizi ulipoutuliza. Ulipotulia, naye akalala.